Vioo Saba vya Mama Ndoo

Watoto arobaini na wawili wa darasa la tatu walipangiwa kusimama chini ya ukuta wa mashariki wa Posta ya Zamani, Jumamosi saa nne asubuhi, waimbe nyimbo mbili na kupigwa picha. Ngazi ya tatu, wa pili kutoka kushoto, angesimama mjukuu wangu. Hawakuimba siku hiyo, wala ukuta haukuwaangukia, na kwa yote mawili wa kushukuriwa ni mwanamke mmoja aliyekuwa akifagia pale. Mke wangu amechoka kunisikia nikisimulia jambo hili kila chai inapomiminwa. Ameniambia niliandike, nyumba ipumzike. Basi naliandika.

Mimi ni mhifadhi wa jengo lile. Watu hudhani mhifadhi ni mlinzi mwenye cheo kirefu. Sivyo. Mlinzi anazuia watu wasiibe. Mimi nazuia watu wasitengeneze. Hamjui ni watu wema wangapi wanaopenda majengo ya kale na wana debe la rangi ya mafuta lililobaki nyumbani. Mmoja alitaka kutupakia kuta zote rangi ya maziwa, bure, kwa mapenzi ya nchi. Nilimsindikiza mpaka getini, na njiani sikunyamaza. Kwa tabia hizo wafanyakazi walinibatiza jina la Pilipili, wakidhani silijui.

Posta ya Zamani si jumba la kutisha. Ni ukumbi mmoja mrefu wa mawe, wenye kaunta ya mbao ngumu upande mmoja, na upande wa mashariki ngazi sita pana za kupandia kwenye iliyokuwa ofisi ya mkuu wa posta. Juu ya ngazi hizo kuna tao la mawe. Lakini ndani ya ukumbi huo ndimo watu wa mji wetu walimopanga foleni kupiga kura ya kwanza ya nchi yao. Bibi yangu alikuwemo, mama yangu akiwa mgongoni. Alikuwa akituambia kwamba walisimama toka asubuhi hadi alasiri na hakuna aliyelalamika, hata yule mtoto. Mbele ya kaunta sakafu imelika kwa miguu ya watu mpaka ikabonyea. Jengo lilipotakiwa kubomolewa ili pajengwe maduka, watu walikataa, likaingizwa kwenye orodha ya urithi wa taifa, nami nikaletwa kusimamia ukarabati.

Ukarabati ulipofika katikati, ukuta wa mashariki ukatoa ufa. Ulianzia karibu na ngazi, ukapanda kwa kujikunja hadi kwenye tao. Kila mgeni aliyeuona alinitazama kwa huruma, akasema, "Mzee, usipoziba ufa utajenga ukuta." Kila mgeni! Viongozi waliniambia, muuza maji aliniambia, daktari wangu wa meno aliniambia nikiwa nimefungua mdomo siwezi kujibu. Methali ni nzuri, wahenga siwalaumu. Lakini katika kazi yetu ufa hauzibwi kabla hujajua unatoka wapi. Ukiuziba haraka, ni sawa na kumziba mgonjwa mdomo kabla hajasema panapomuuma. Kwanza unauwekea shahidi.

Shahidi wetu ni kipande chembamba cha kioo, urefu wa kidole. Unakilaza juu ya ufa, kichwa huku na kichwa huku, unakibandika kwa jasi, na jasi ikiwa bado mbichi unaichora tarehe kwa msumari. Kioo hakijui kunyumbuka. Ukuta ukisogea hata kwa unene wa unywele, kinakatika. Kikikaa kizima, ukuta umetulia. Mhandisi wetu wa makao makuu, binti wa umri wa mwanangu wa mwisho, aliviweka vitatu: cha chini usawa wa goti, cha kati usawa wa kifua, na cha juu karibu na tao. Tarehe nilizichora mimi. Kila Ijumaa nilipita na tochi, nikaandika kwenye daftari: cha chini kizima, cha kati kizima, cha juu kizima. Kwa miaka miwili, mvua zikija na kwenda, sikuandika neno jingine. Mhandisi alikuja kila baada ya miezi sita, akatazama vioo, akasoma daftari, akafurahi. Nani ahangaike kupima ufa wakati shahidi yupo na anasema salama?

Mama Ndoo aliajiriwa wiki moja baada ya vioo kubandikwa. Ana jina lake, la heshima, ila ndoo ya bati haikumtoka mkononi, na jina likamganda. Siku yake ya kwanza nilimtembeza jengo zima nikimpa masharti kwa sauti niliyokuwa nayo enzi hizo. La kwanza: hakuna kitu cha jengo hili kinachotupwa. Msumari ukidondoka, plasta ikibanduka, bawaba ikikatika, kiwekwe kwenye mfuko, iandikwe ni nini, kimetoka wapi, tarehe ngapi. La pili: nikamwonyesha vioo vitatu. "Hivi," nikamwambia, "mtu akivivunja asihangaike kuja kunieleza. Aache ufagio mlangoni aende zake."

Sikumwambia vioo ni vya nini. Niliona ufagio na uhandisi ni vitu viwili visivyojuana. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza. La pili linakuja, nalo ni kubwa zaidi.

Basi ikafika Jumatano, siku tatu kabla ya ufunguzi. Jengo linang'aa, kadi za mwaliko zimeshatoka, mjukuu wangu anaimba nyumba nzima kwa sauti nene isiyolingana na umbo lake. Mimi niko ofisini naandika hotuba. Si mwepesi wa kusifu, aliye karibu nami anajua. Lakini nilipofika mahali pa kushukuru, kalamu ilikwenda yenyewe kwa Mama Ndoo. Nikamwita nimsomee.

"'Na zaidi ya wote,'" nikasoma, "'namshukuru dada yetu anayelisafisha jengo hili. Kwa miaka miwili vioo vya ushahidi vimekaa vizima, ingawa kila asubuhi vilipitishwa kitambaa. Mkono wake haukuvunja kitu.'"

Mama Ndoo aliweka ndoo chini. Hilo peke yake lilinishtua.

"Mzee, nitoe humo."

"Nikutoe wapi?"

"Kwenye hotuba. Washukuru mafundi, wapo wengi."

"Acha haya zako. Nimeshaandika."

"Mzee, nakuomba. Siwezi kusimama mbele za watu nikapigiwa makofi ya uongo. Miguu itanikatika."

"Uongo gani?"

Alikaa kwenye kiti bila kukaribishwa, na yeye si mtu wa kukaa. Akaweka mikono magotini, akaitazama.

"Nimevivunja," akasema. "Mara saba."

Yaliyofuata sijivunii. Nilipiga kelele mpaka mlinzi akaja mbio na fundi wa rangi akashuka kwenye ngazi yake. Nilisema maneno kuhusu watu wasio na shukrani, kuhusu taifa, kuhusu bibi yangu. Mama Ndoo alisubiri kimya mpaka pumzi zikaniishia, kama anayesubiri mvua ipite aendelee na safari. Kisha akaeleza.

"Mara ya kwanza ilikuwa mwezi wa pili tangu nianze. Nilikuja asubuhi, nikapitisha kitambaa, nikaona mstari. Nikajua nimebonyeza sana. Nikakumbuka habari yako ya ufagio mlangoni. Nina watoto watatu, mzee, na baba yao mgongo umemlaza kitandani. Nikaenda kwa fundi aliyekuwa anaweka vioo vya madirisha, nikamwomba kipande alichobakiza. Jasi ya mafundi ilikuwepo. Nikabandika, nikachora tarehe ileile, kwa mwandiko wako."

"Kwa mwandiko wangu?"

"Sita yako ina mkia."

Mlinzi alicheka, nikamtazama, akaacha.

"Baada ya hapo nikawa navifuta polepole," akaendelea. "Bado vikavunjika, hasa mvua zikinyesha. Nikasema ni ukungu: mvua ikinyesha kioo kinaingia ukungu, nami nafuta kwa nguvu bila kujijua. Nikaacha kitambaa. Nikawa napitisha unyoya wa kuku."

"Unyoya?"

"Unyoya, mzee. Na bado vikavunjika. Vitatu vya mwisho vyote ni kwa unyoya. Nikajua basi, mkono wangu una nuksi."

Nilikuwa nimefungua mdomo nianze duru ya pili ya kelele. Ukabaki wazi hivyo hivyo. Kioo hakivunjwi na unyoya wa kuku. Hakuna mwanamke wa namna hiyo duniani, hata awe na nuksi ya ukoo mzima. Sauti iliyonitoka ilikuwa ndogo.

"Vile vilivyovunjika, ulivitupa wapi?"

Alinitazama kwa mshangao, karibu aone nimemtukana.

"Kuvitupa? Si ulisema hakuna kinachotupwa?"

Alikwenda kwenye chumba chake cha ndoo na mafagio, akarudi na boksi lililokuwa chini ya sinki. Ndani yake mlikuwa na vifurushi saba vya gazeti. Mifuko ya kazi nilikuwa naitoa mimi kwa sahihi, hivyo asingeweza kuiomba bila kuulizwa ya nini. Kila mara akaomba gazeti la mlinzi, la siku ileile, akafungia kioo. Juu ya kila kifurushi alikuwa ameandika kwa kalamu: kioo cha kati, ukuta wa ngazi, asubuhi. Kioo cha juu, ukuta wa ngazi, asubuhi, mvua kubwa jana. Alikuwa amevunja sharti langu la pili mara saba, na mara saba akatii la kwanza.

Tulivipanga juu ya kaunta kwa tarehe za magazeti. Sihitaji shahada ya uhandisi kusoma kalenda. Vyote saba viliangukia miezi ya mvua. Miezi ya kiangazi hakuna hata kimoja. Ukuta ule niliouandika mzima kila Ijumaa ulikuwa unatembea. Ukilowa unashuka, ukikauka unasimama kupumzika, ukilowa unashuka tena. Na redio ya mlinzi ilikuwa imesema asubuhi ileile kwamba mvua zinaanza mwisho wa wiki.

Nitasema ukweli, maana wenzangu wameusema. Wazo la kwanza lililonijia lilikuwa kulirudisha boksi chini ya sinki. Wageni mia mbili wamealikwa. Kila ukurasa wa daftari una sahihi yangu. Ukuta umesimama tangu kabla sijazaliwa, utashindwaje kusimama Jumamosi moja zaidi? Mama Ndoo alichukua miaka miwili kuficha vioo saba kwa kuogopa watoto wake kulala njaa. Mimi kwa dakika tano tu nilikuwa tayari kuficha ukuta mzima kwa kuogopa kuchekwa. Kisha nikaziangalia ngazi. Mtu alikuwa ameshachora alama za chaki mahali pa kila mtoto kusimama. Nilihesabu mpaka ngazi ya tatu, wa pili kutoka kushoto, nikainua simu.

"Mzee," Mkurugenzi wetu wa makao makuu alisema nilipomaliza, "unaniambia daftari lako ni la uongo?"

"La uongo. Na sahihi ni zangu."

"Unajua maana ya hilo kwako?"

"Najua. Ahirisha."

Nilisikia feni ikizunguka ofisini kwake.

"Namtuma Mhandisi sasa hivi," akasema. "Mimi na wewe tutazungumza baadaye."

Mhandisi alifika alasiri na mafundi wanne. Hakugombeza mtu. Alivaa glavu, akavifungua vifurushi kimoja kimoja, akapima kila mpasuko kwa lenzi, akaandika. Kisha akavuta kiti karibu na Mama Ndoo, akaanza kumuuliza kwa adabu, na hapo ndipo nilipogundua kwamba mwanamke yule alijua kuhusu ukuta wangu mambo ambayo mimi sikuyajua. Alijua cha juu hutangulia kuvunjika na cha kati hufuata baada ya siku moja au mbili. Alijua asubuhi ambazo mlango wa ofisi ya juu uligoma kufungika. Alijua harufu ya chumvichumvi inayotoka chini ya ngazi ya kwanza mvua ikishapita.

"Na huko nje, mama," Mhandisi akauliza, "mvua ikinyesha, maji ya paa yanakwenda wapi?"

"Hata mimi huwa najiuliza, mwanangu. Paa lote linamwaga pembe ile, halafu maji hayaonekani. Yanaingia chini ya mawe mapya basi, yamekwisha."

"Hapakuwa na mtaro?"

Watu wote walinigeukia. Muungwana akivuliwa nguo huchutama, na mimi nilichutama pale pale.

"Ulikuwepo," nikasema. "Niliufunika."

Na hilo ndilo kosa langu la pili. Mtaro wa zamani ulipita mbele ya lango, mpana, mbaya, umeota majani. Uliharibu picha. Mwanzoni mwa ukarabati nilidhani umekufa, nikaamuru ujazwe kifusi na kutandikwa mawe mazuri ya kuchonga, mimi, adui wa watu wanaotengeneza. Nilisaini karatasi mwenyewe na nikapiga picha nikiwa nimesimama juu yake. Mafundi walipoyainua mawe yale jioni hiyo, chini palikuwa pameloa kana kwamba mvua imeacha kunyesha dakika ile. Mawe ya msingi yalikuwa yamekaa ndani ya uji. Maji yote ya paa lile, kwa misimu yote ile, yalikuwa yakinywewa na ukuta wa mashariki.

Mama Ndoo alilitazama shimo, akaitazama mikono yake, mbele na nyuma.

"Kumbe si mkono wangu," akasema, na akaanza kulia.

Mhandisi alimshika bega. Mimi nilibaki nimesimama na kofia yangu mkononi, nikiwaza kwamba kwa miaka miwili mtu huyu alikuja kazini kila asubuhi akiogopa mikono yake mwenyewe, kwa sababu yangu.

Alhamisi na Ijumaa mafundi waliegemeza tao kwa mbao nzito, kutoka kwenye ngazi mpaka juu, wakazikaza kwa kabari. Jumamosi mvua ilianza alfajiri. Wageni walikaa makwao. Mjukuu wangu, ambaye alikuwa ameshasukwa nywele na kupigiwa pasi sare, alinitangazia kwamba hataniimbia tena maisha yake yote, nikamwambia sawa, bora niyasikie hayo kila siku mpaka nizeeke.

"Umeshazeeka, Babu," akasema, akanifungia mlango.

Jumatatu saa tatu asubuhi, mvua ikiendelea, tulikuwa mlangoni mwa ukumbi, Mhandisi, Mama Ndoo na mimi. Tulisikia mlio mfupi, mkavu. Vumbi likashuka juu ya ngazi. Lilipotulia, tuliona mawe manne ya tao yamechomoka mahali pake na kukaa juu ya zile mbao. Kila moja ni la kubebwa na wanaume wawili. Mbao zililia, zikashikilia.

Mhandisi alinyoosha kidole, akashuka nacho taratibu kutoka kwenye mawe hadi kwenye ngazi. Chini ya mawe yale chaki ilikuwa bado ipo, ngazi ya pili, ya tatu na ya nne.

Nilitoka nje nikasimama mvuani kwa muda. Niliporudi, nilimshukuru Mama Ndoo. Nilimshukuru kwa Kiswahili chote ninachokijua. Nilimwambia asante ya mtoto, asante ya wenzake arobaini na mmoja, asante ya wazazi ambao hawatajua kamwe, asante ya tao. Nilimwomba radhi kwa habari ya ufagio. Nilirudia mara nyingi mpaka akanikatiza.

"Mzee, inatosha. Umeingia na matope."

Akachukua kitambaa. Akiwa ameinama anafuta nyayo zangu, aliongeza bila kunitazama, "Ila siku ile ya kwanza, ungeniambia tu kioo ni cha kazi gani, ningekuja mbio kukuambia kimevunjika. Hata ungekuwa unakula, ningekuja."

Nilivua viatu, nikavibeba mkononi.

Makao makuu walitaka jina la mtu wa kuwajibishwa. Niliandika barua ya kurasa tano, na jina nililoweka juu lilikuwa langu, pamoja na nakala ya karatasi ya mtaro. Nilipewa onyo kali, na lilinistahili. Mkurugenzi alitaka Mama Ndoo naye apewe lake, lakini Mhandisi aliandika kwamba bila vifurushi vile tusingejua ukuta unasogea lini wala kwa nini, na kwamba katika kazi yake yote hajawahi kupokea kumbukumbu zilizotunzwa vizuri namna ile na mtu ambaye hakufundishwa. Vifurushi vikapewa namba na kuhifadhiwa. Mama Ndoo akapelekwa mafunzo ya miezi miwili, akarudi na cheti, na sasa yeye ndiye anayekagua nyufa za majengo yetu yote manne. Ndoo bado anayo. Anasema bila ndoo watu hawamfahamu.

Mtaro tuliufungua. Bado ni mbaya, na siku hizi nauonyesha wageni kabla ya kitu kingine chochote. Msingi ulikaushwa, ukajazwa mawe na chokaa, mawe manne yakarudishwa kwenye tao kila moja mahali pake. Tulisubiri msimu mzima wa mvua upite. Ulipita, na hakuna kilichosogea. Hapo ndipo tukafungua milango, mwaka mmoja baadaye, Jumamosi saa nne.

Watoto walikuwa wameshaingia darasa la nne. Walisimama chini ya ukuta wa mashariki wakaimba nyimbo zote mbili, na mjukuu wangu, aliyebadili mawazo kuhusu kuniimbia, aliimba kwa ile sauti yake nene, na mwalimu akamfumbia macho. Sikuweza kusoma hotuba yote. Nilisoma ile sehemu ya kumshukuru Mama Ndoo, iliyoandikwa upya, nikakaa. Watu walipiga makofi yasiyokwisha, naye alisimama akayapokea, miguu yake imara kabisa.

Baadaye wageni walitawanyika ukumbini na vinywaji vyao. Nilikuwa nikizungumza na Mkurugenzi nilipovutwa koti. Ni mjukuu wangu. Mkono mmoja ulikuwa nyuma ya mgongo, na katika ule mwingine alikuwa ameshika kishikio cha shaba cha droo ya kaunta, kimekatika shingoni. Vishikio vile ni vya asili. Hakuna kiwanda kinachovitengeneza tena, popote. Mkurugenzi alikiona, mlinzi alikiona, na mazungumzo yaliyokuwa karibu nasi yakakatika. Mama Ndoo, aliyekuwa upande wa pili wa kaunta, alinitazama usoni wala hakupepesa.

"Babu," mtoto akasema, "nilivuta nione kama ndani kuna barua. Kikatoka. Ni mimi."

Moto ulinipanda toka tumboni mpaka masikioni. Niliusikilizia ukipanda, nikausubiri ushuke, haukushuka wote.

"Asante kwa kuniambia," nikasema.

Alinichunguza uso. "Umekasirika?"

"Nimekasirika sana. Asante kwa kuniambia."

Alifikiri kidogo. Kisha akautoa mkono wa pili nyuma ya mgongo, akaufungua.

"Basi, Babu," akasema, "na hiki pia, cha droo ya pili."